Makumbusho, vinyago na Tingatinga: mwongozo kamili wa siku mbili Dar es Salaam

Dar es Salaam haina mtaa mmoja wa sanaa wenye lango na bango la kukukaribisha. Vitu vya kuona viko pande mbili. Upande wa kwanza ni mjini, kuanzia Mtaa wa Shaaban Robert kushuka hadi Kivukoni: Makumbusho ya Taifa, Bustani ya Botaniki, Sanamu ya Askari, makanisa yaliyojengwa na Wajerumani na Boma la Kale. Upande wa pili unaifuata Barabara ya Bagamoyo: Kijiji cha Makumbusho, wachonga vinyago wa Mwenge, Nafasi Art Space kule Mikocheni, na wachoraji wa Tingatinga wa Oysterbay. Kati ya pande hizo mbili kuna foleni, na foleni ya Dar haina huruma na mgeni. Ndiyo maana nashauri siku mbili, kila upande siku yake.

Mpangilio huu una sababu nyingine pia. Wageni wengi huanzia sokoni, wananunua kinyago na picha mbili tatu, halafu siku ya mwisho wanapita makumbusho kama wametumwa. Geuza. Ukishaona kilichohifadhiwa, ukaambiwa kimetoka wapi na kilifanya kazi gani, unafika Mwenge ukiwa na maswali, na muuzaji anakujua hapohapo kwamba wewe si wa kubabaishwa.

Kabla ya kutoka: usichanganye makumbusho mawili

Hili liwekee akilini mapema kwa sababu linapoteza asubuhi za watu. Ukimwambia kondakta wa daladala au dereva wa bajaji "nipeleke Makumbusho", atakupeleka stendi ya Makumbusho, Kijitonyama. Hapo ndipo kilipo Kijiji cha Makumbusho, kilomita kadhaa kutoka katikati ya jiji. Makumbusho ya Taifa lenyewe liko mjini, Mtaa wa Shaaban Robert, mkabala na chuo cha IFM. Taja IFM, utafika. Kwa mwendokasi teremka Posta ya Zamani au malizia Kivukoni, kisha tembea kwa miguu. Kwa daladala panda yoyote ya Posta.

Beba kitambulisho. Kiingilio cha Watanzania na wenzetu wa Afrika Mashariki ni tofauti na cha wageni kutoka nje, na tofauti yenyewe si ndogo. Mwanafunzi abebe kitambulisho cha chuo au shule. Malipo katika vituo vya serikali mara nyingi hupitia namba ya malipo, kwa hiyo simu iwe na salio la M-Pesa au la mtandao mwingine unaoutumia. Noti ndogondogo utazihitaji kwa wasanii, mama lishe na daladala. Na ukitaka kupiga picha ndani, uliza pale mapokezi kama kamera ina malipo yake.

Kuhusu majira, Juni hadi Agosti hali ya hewa ni nafuu, upepo wa baharini unasaidia. Masika, yaani Machi hadi Mei, Kijiji cha Makumbusho kinakuwa tope, maana kila kitu pale kiko nje.

Siku ya kwanza asubuhi: Makumbusho ya Taifa

Kwa kawaida milango hufunguliwa saa tatu na nusu asubuhi. Fika saa hiyohiyo. Mabasi ya shule yakishashusha watoto, kumbi zinajaa kelele. Ni kelele nzuri, lakini maelezo hutayasikia.

Jengo la zamani lilifunguliwa mwaka 1940 kama kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Baada ya uhuru likaongezwa jengo jingine, na miaka ya karibuni ikaja Nyumba ya Utamaduni yenye ukumbi wa maonyesho ya jukwaani. Lizunguke jengo la zamani kwa nje kabla ya kuingia ndani, utazame matao yake na milango ya mbao iliyochongwa. Waingereza walitaka jengo lenye sura ya Pwani, wakaliita kwa jina la mfalme wao.

Anza na ukumbi wa chimbuko la binadamu. Mwaka 1959 Mary Leakey aliokota Olduvai fuvu lililopewa jina la Zinjanthropus, lenye umri wa takribani miaka milioni 1.75. Fuvu hilo ni mali ya Tanzania na linatunzwa na makumbusho haya. Muulize mwongozaji kama unachokitazama kwenye kioo ni chenyewe au ni nakala, kwa sababu vitu vya aina hii si kila siku hutolewa hadharani. Kisha litazame taya: magego ni makubwa mno, na juu ya kichwa kuna mfupa umesimama mithili ya upanga wa jogoo. Hapo ndipo misuli ya kutafunia iliposhikilia. Dakika tano mbele ya fuvu hilo zinafundisha zaidi ya ubao wote wa maelezo ulio ukutani. Karibu na hapo utakuta habari za nyayo za Laetoli, zilizoachwa kwenye majivu ya volkano miaka milioni 3.6 iliyopita na viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili.

Sehemu ya historia ina mambo mengi, na hapa ndipo ningekuomba usiharakishe. Tafuta vitu vya Kilwa. Vigae vya vyombo vya China na sarafu zilizofuliwa na masultani wa Kilwa ni vidogo, watu wanavipita wakikimbilia magari. Lakini fikiria: mji wa kisiwani, kusini mwa Dar, unafua sarafu zake wenyewe na kula kwenye sahani zilizovuka Bahari ya Hindi nzima, karne nyingi kabla ya meli ya kwanza ya Mreno. Baada ya hapo ndipo uje kwenye ukoloni wa Wajerumani na Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907.

Maswali mawili wageni huuliza sana, basi nikujibu kabisa. Fuvu la Mkwawa haliko hapa. Lilirudishwa mwaka 1954 na liko Kalenga, Iringa. Na yule mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) wa Tendaguru, Lindi, aliyechimbuliwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, mifupa yake imesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin hadi leo, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Mjadala wa kumrudisha haujaisha. Muulize mwongozaji maoni yake uone atakavyochangamka.

Magari ya viongozi, ikiwamo Rolls-Royce ya enzi za magavana, ndiyo yanayopigwa picha kuliko chochote. Yatazame, endelea. Bustanini pana kumbukumbu ya shambulio la ubalozi wa Marekani la tarehe 7 Agosti 1998. Pale punguza sauti, kuna watu wa jiji hili waliopoteza ndugu siku ile.

Mpe mwongozaji nafasi. Wengi ni watu waliosoma historia au akiolojia, na hawafurahi kusindikiza mtu anayeitikia tu "ehe, ehe". Ukimaliza, bakshishi ya busara haikatazwi. Kwa jumla tenga saa mbili na nusu hadi tatu.

Mchana: kwa miguu hadi Boma la Kale

Toka kwa upande wa Samora. Hapo karibu kuna Karimjee, ukumbi uliotumiwa na Bunge kwa miaka mingi kabla ya Dodoma, na Bustani ya Botaniki iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893 kujaribia mazao na miti ya kigeni. Kaa kwenye kivuli, kunywa maji. Onyo moja: Ikulu iko jirani. Usiipige picha, wala walinzi wake, wala bandari. Ukitilia shaka jengo kama ni la serikali, simu ibaki mfukoni.

Fuata Samora moja kwa moja mpaka kwenye mzunguko wa Sanamu ya Askari. Ilizinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliokufa upande wa Waingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Askari wa shaba ameinama mbele, singe imeelekea bandarini. Watu hupita hapa kila siku bila kuinua macho. Wewe vuka kwa uangalifu, usogee hadi kwenye nguzo, usome. Maandishi ni kwa Kiingereza, kwa Kiswahili cha herufi za Kirumi, na kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kwa sababu wasomi wengi wa Pwani wa wakati ule waliandika hivyo. Wanatajwa wapiganaji na wapagazi, lakini jina la mtu hata mmoja hulikuti. Wapagazi walikufa kwa maelfu mengi, wengi kwa njaa na maradhi, na kumbukumbu yao ni sanamu ya mtu aliyeshika bunduki.

Kabla ya Askari, mji huu ulikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani. Waingereza walipouteka mji waliing'oa, ikaishia Hamburg, na huko wanafunzi wakaiangusha mwishoni mwa miaka ya 1960.

Shuka na Azikiwe kuelekea baharini. Kanisa la Kilutheri la Azania Front, lenye vigae vyekundu na mnara unaoonekana tangu majini, na Kanisa Katoliki la Mtakatifu Yosefu, yote mawili yalikamilika mwaka 1902. Kuingia ni bure kama hakuna ibada. Vaa kwa heshima, vua kofia. Jumapili asubuhi misa zinafuatana, kwa hiyo utalii usubiri.

Endelea na Sokoine Drive hadi kona ya Barabara ya Morogoro, karibu na boti za Zanzibar. Hapo kuna Boma la Kale, lililojengwa miaka ya 1860 wakati Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipoamua kujenga mji mpya penye kijiji cha Mzizima. Majid alifariki 1870 na mji ukabaki nusu, hadi Wajerumani walipohamishia makao yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Ndani ya Boma sasa kuna kituo cha urithi wa majengo ya jiji, chenye ramani na picha za mitaa ilivyokuwa. Weka kiganja ukutani: ni mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta mnene kiasi kwamba joto la nje unalisahau. Halafu chungulia dirishani uone minara ya vioo ilivyouzingira. Kama una muda wa kituo kimoja tu nje ya Makumbusho ya Taifa, nakuchagulia hiki.

Njaa ikikubana, kuna njia mbili. Soko la samaki la Feri liko mwisho wa Kivukoni: unachagua samaki, unakaangiwa, unakula na ugali au ndizi huku umesimama. Harufu ni ya soko la samaki, usiende na nguo unayoipenda. Njia ya pili ni kuingia mitaa ya Kisutu na Indira Gandhi, ukatafuta mishkaki, urojo au chai ya maziwa, na ukiwa unatembea inua macho: maghorofa mengi ya zamani ya Wahindi yameandikwa jina la mwenye nyumba na mwaka wa kujengwa pale juu kwenye paji la jengo.

Simu usiitembeze mkononi kando ya barabara. Wakwapuzi wa pikipiki wapo, na wanapenda mtu anayesoma ramani.

Siku ya pili: Kijiji cha Makumbusho

Ikiwezekana siku hii iwe Jumamosi au Jumapili, kwa sababu ndizo siku ambazo ngoma za asili huchezwa zaidi, mara nyingi alasiri. Uliza mapokezi ratiba ya siku hiyo kabla hujapanga mengine. Daladala za Mwenge au Makumbusho kutoka Posta zinakufikisha; jengo refu la Millennium Tower ni alama yako.

Kijiji kilianzishwa miaka ya 1960. Ni uwanja wa wazi wenye nyumba za makabila mbalimbali, kila moja imejengwa kwa vifaa na ufundi wa kwao. Usizitazame kwa nje tu ukasema zote ni za udongo na nyasi. Ingia. Anza na msonge wa Wahaya: nyasi zinashuka toka kileleni hadi chini, mlango ni mfupi, ndani giza limegawanywa kwa kuta za matete, na ukizoea giza unaona watu walilala wapi na ng'ombe walifungwa wapi. Kisha nenda kwenye tembe ya Wagogo, iliyo kinyume kabisa: paa bapa la udongo juu ya magogo, chini kiasi cha kumfanya mtu mrefu ainame. Kagera mvua ni nyingi na nyasi haziishi. Dodoma mvua ni haba, nyasi ndefu ni shida, na jua linaunguza. Ukimaliza hizo mbili, nyumba nyingine zote utazisoma mwenyewe: hali ya hewa yao ikoje, walifuga nini, walimwogopa nani.

Baadhi ya nyumba huchakaa zikisubiri kukarabatiwa, hilo usilishangae. Saa moja na nusu inatosha, zaidi kama kuna ngoma. Wachezaji wakimaliza, watunze.

Mwenge: namna ya kununua kinyago

Kutoka Makumbusho, vituo vichache mbele, Sayansi, Bamaga, halafu Mwenge. Uliza "kwenye vinyago", kila dereva wa bajaji anapajua.

Mbele ni vibanda vya kuuzia. Nyuma yake ndiko kwenye kazi, na ndiko ningeanzia. Mafundi wamekaa chini, gogo limebanwa kwa miguu, tezo inapiga na vipande vinaruka, halafu patasi, tupa, na mwisho msasa. Salimia kwanza. Akiwa mzee, shikamoo haina mbadala, na hapo ndipo mazungumzo yanapoanza. Wengi wana asili ya Umakonde, kusini, pande zote mbili za Mto Ruvuma. Wazee wao walikuja kaskazini kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na sanaa ikaja nao.

Mitindo mikuu ni michache. Ujamaa ni ile nguzo ya watu waliobebana, mmoja juu ya mwingine. Shetani ni viumbe vya ajabu, jicho hapa na mdomo kule. Ndilo tawi ninalolipenda, kwa sababu fundi hana wa kumwiga na lazima atoe kitu kichwani mwake. Binadamu ni watu wa kawaida katika shughuli zao. Wanyama wa mezani, simba na twiga, ni biashara tu, wala si vibaya kumnunulia mtoto.

Sasa mpingo. Mpingo halisi ni mzito mno, ukiuweka majini unazama. Moyo wa mti ni mweusi au wa kahawia iliyoiva sana, na ganda la ndani lina rangi ya krimu. Mafundi wengi huacha kipande cha hiyo krimu makusudi. Mti mwingine hupakwa kiwi ya viatu ukang'aa vilevile. Fanya hivi: kinyanyue uone uzito, kipindue, kikwaruze kidogo kwa ukucha kwenye kitako, halafu sugua kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Weusi ukitoka kwenye kitambaa, ongea bei ya mti wa kawaida. Kagua pia nyufa. Mpingo uliochongwa ukiwa mbichi hupasuka ukifika kwenye baridi na hewa kavu, na hilo litakukuta tayari uko nyumbani.

Bei inaongewa, ila usikate kwa kebehi. Muulize fundi kazi imechukua siku ngapi, kisha ujiulize wewe ungekubali kulipwa nini kwa siku hizo. Ukinunua kwa aliyechonga mwenyewe, andika jina lake nyuma ya risiti.

Nafasi na Tingatinga

Nafasi Art Space, iliyoanzishwa 2008, iko eneo la viwanda vidogo Mikocheni B. Kontena za meli zimegeuzwa studio. Hapa ni sanaa ya leo: rangi, vyuma chakavu, video, dansi. Pitia mchana uwakute wasanii kazini, na angalia kurasa zao za mtandaoni kama jioni hiyo kuna onyesho. Wasanii wa hapa wana maoni makali, wasikilize.

Ukirudi mjini pitia Oysterbay, Morogoro Stores, barabara ya Haile Selassie, kwenye ushirika wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi ya kupakia baiskeli juu ya mbao laini za dari, akiziuza hapohapo mtaani. Alipigwa risasi na polisi mwaka 1972 walipomdhania mhalifu anayekimbia. Ndugu na wanafunzi wake wakaendeleza, na ushirika ukaundwa 1990.

Simama nyuma ya mchoraji. Mandhari ya nyuma hupakwa kwanza kwa brashi pana, rangi mbili zikiyeyukiana, inaachwa ikauke. Kisha mnyama, kisha nukta, nukta, nukta, kwa brashi nyembamba bila mkono kutetemeka. Utaona picha ileile imechorwa na watu watatu. Si wizi, ndivyo mtindo huu ulivyofundishwa tangu mwanzo. Kwa hiyo chagua kwa mkono: nyusi za chui zilivyo safi, nukta zilivyolingana, na sahihi ni ya nani.

Gusa rangi pembeni kwa kidole gumba. Ikinata, usikubali ikunjwe leo. Lipa kidogo, rudi kesho. Turubai ikunjwe uso wa picha ukiwa nje, katikati kukiwa na karatasi laini, ndani ya bomba gumu.

Kuondoka na mzigo

Kazi mpya ya msanii haina tatizo, ilimradi una risiti yenye jina na tarehe. Iweke karibu uwanja wa ndege. Vitu vya kale ni habari nyingine. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuvitoa nchini bila kibali, kwa hiyo muuzaji akikunong'oneza kwamba kiti hiki au mlango huu una umri wa miaka mia, ama anakudanganya, ama anakuuzia kesi. Pembe za ndovu na magamba ya kasa usiviguse kabisa, hata vikiwa hereni. Vinyago vizito viweke kwenye begi la kupakia, kila kimoja kimefungwa na kanga zako. Vyembamba vyenye mikono na vidole vibebe mwenyewe, na mwambie fundi akuoneshe sehemu ya kushikia.